Chupa ya Kichocheo Niliyoogopa Kuifungua

Mimi mwalimu wa kemia hapa Mogitu nimeumbuka mbele ya darasa langu.

Chuoni, mimi na mwanafunzi mwenzangu Martina tulitumia kloridi ya chuma kama kichocheo cha kuunganisha kemikali za kaboni. Tulipoagana alinipa chupa iliyobaki, akaandika jina langu kwenye kibandiko. Kila alipoulizia kwa simu, nilimjibu kwamba wanafunzi wanaitumia kila muhula. Kumbe niliifungia kabatini, nikawa nautazama mwandiko wake kila nilipomkumbuka.

Wiki iliyopita alikuja kwa ndugu zake kijijini Gitting, akapita shuleni.

"Shikamoo mwalimu," wanafunzi walimsalimia.

"Marahaba," Martina akaitikia. "Leo tutatumia kile kichocheo mlichokizoea."

Wakatazamana. Nikaileta chupa. Kupitia kioo, unga ulionekana umenyonya unyevu uliopenya kifunikoni, umegeuka tope la kahawia. Martina akaugusa utepe aliouzungusha kwenye kifuniko kwa mkono wake mwenyewe siku ile ya kuagana. Ulikuwa mzima.

"Hujaifungua hata mara moja," alisema taratibu. "Kwa nini, Daudi?"

Darasa zima lilinikodolea macho likisubiri jibu, na nadhani uso wangu ulikuwa umeshalitoa.