Uongo Mmoja wa Dakta Olascoaga

Dakta Fermín Olascoaga alikuwa mwoga, na hakumficha mtu jambo hilo. Aliogopa mbwa, aliogopa lifti, aliogopa simu ikilia ghafla. Mimi, Hortensia Apaza, nilikuwa karani wake kwenye ubalozi wa Uruguay hapa La Paz, Bolivia, kwa miaka minne. Kila asubuhi nilimkuta ameshafika, ameelekeza uso mlangoni, kibuyu cha chai ya kwao, ile ya majani ya mate, mkononi, kama mtu anayesubiri kukamatwa.

Alizaliwa Minas, kwao Uruguay, mtoto wa mshona viatu. Alisomea sheria Montevideo, na kesi yake ya kwanza ikamshinda kwa sababu sauti ilimkauka mbele ya hakimu. Akakimbilia kwenye nyaraka za kale. "Wafu hawakufokei, Hortensia," aliniambia. Akaandika kitabu kinene juu ya mipaka ya mito. Walikisoma wachache, lakini wote walikiamini, kwa kuwa hakuandika jambo hata moja asilokuwa na karatasi ya kulithibitisha. Kitabu hicho ndicho kilichomwingiza kwenye kazi ya ubalozi. La Paz alipelekwa kwa sababu wenzake waliikataa baridi yetu na hewa yetu nyepesi. Yeye aliogopa kukataa.

Mapinduzi yalitukuta Jumamosi, mwezi wa Agosti. Balozi alikuwa kwao likizoni, Dakta akawa kaimu wake. Mlinzi alikuwa hajatokea. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba ya ubalozi, mtaa wa Sopocachi, ndege zikipita chini chini hata vioo vikalia. Mara geti likasukumwa, wakaingia mbio mwanamume na mwanamke. Mwanamume alikuwa Casimiro Tola, fundi aliyechapa gazeti la wachimba migodi. Mwanamke ni mkewe, Nieves, mwenye mimba ya miezi saba.

"Dakta, tunaomba hifadhi," Casimiro alisema. Mkono wake ulikuwa ukivuja damu juu ya zulia la balozi.

Dakta alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Kaeni mbali na madirisha," akanigeukia. "Hortensia, nadhani nitatapika." Na kweli akatapika, kwenye kapu la karatasi.

Hazikupita dakika kumi, lori likasimama nje. Wakashuka askari wanane na kapteni kijana mwenye masharubu membamba. Dakta akachukua kitabu cha mikataba, akatoka hadi kizingitini. Nilimfuata nyuma, si kwa ushujaa. Niliogopa zaidi kubaki peke yangu. Suruali yake ilikuwa ikitikisika kama nguo kwenye kamba.

"Mzee, pisha," kapteni alisema.

"Hapa ni ubalozi, Kapteni. Mkataba wa..."

"Mkataba kampe mkeo akafungie jibini. Nina amri. Watu wawili wameingia humu."

"Sina mke," Dakta alisema. Askari wakacheka. Mmoja akakoki bunduki, kicheko kikakatika.

Hapo ndipo Dakta alipoliona jina lililoshonwa kifuani mwa kapteni.

"Murguía," alisema taratibu. "Murguía wa Oruro?"

"Inakuhusu nini?"

"Baba wa babu yako alikuwa luteni. Nimeisoma barua yake. Serikali ilipopinduliwa alikimbilia nyumbani kwa konsuli wetu pwani, enzi nchi yenu bado ina bahari, akafichwa nyuma ya magunia ya unga. Askari walifika mlangoni. Konsuli akasimama kama nilivyosimama mimi, na ofisa wao akageuka akaenda zake. Asingegeuka, Kapteni, wewe usingezaliwa."

Sauti haikumkauka hata kidogo. Nilisikia Nieves akipumua nyuma ya pazia, nikamwomba Mungu azibe masikio ya wale watu.

"Zungukeni nyumba," kapteni aliwaambia askari mwishowe. "Asitoke mtu. Wala asiingie mtu."

Dakta alipofunga mlango aliketi sakafuni. "Hortensia," alinong'ona, "hakuna barua yoyote. Nimeitunga."

Casimiro na mkewe walikaa nasi siku arobaini na moja, mpaka kibali cha kuwatoa nchini kilipopatikana. Walipanda ndege, Nieves akilia kwa kukosa hata kuwaaga wazazi wake. Nilidhani hofu imekwisha. Novemba ikaja barua ya Kapteni Murguía, mwandiko safi: mama yake anaumwa, angependa kuisoma barua ya babu yao kabla hajafa.

Dakta alikonda. Siku moja nilimkuta mezani na karatasi kuukuu tupu, kalamu ya manyoya, na wino wa kahawia alioukoroga mwenyewe.

"Unaweza kuighushi?" nilimuuliza.

"Naweza vizuri mno. Hilo ndilo linalonitisha." Akaichana ile karatasi vipande vidogo vidogo. "Twende kwa huyo kijana kabla sijabadili mawazo."

Tulikwenda mchana kweupe. Ngazi za kwao zilikuwa nyingi, akazipanda ameshika bega langu. Kapteni alitufungulia akiwa na kandambili, chungwa lililomenywa nusu mkononi. Dakta alimwambia yote akiwa wima, bila kujitetea.

Kapteni aliliweka chungwa chini. "Ulinichezea mbele ya askari wangu."

"Ndiyo."

"Ningejua, ningeingia."

"Ndiyo. Ndiyo maana nilidanganya."

Nilihesabu hatua za kufika mlangoni. Kapteni akanyoosha kidole kwenye chumba cha ndani. "Kamwambie mwenyewe. Mimi sina uso wa kumwambia."

Bi kizee alikuwa kitandani, shali tatu mabegani. Dakta alipomaliza kuungama, alicheka hadi akakohoa.

"Mwanangu, babu wa mume wangu alikuwa akiuza chumvi kwa punda. Luteni wapi! Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona uliitaka barua, mama?"

"Nilitaka kukuona wewe. Maofisa wenzake na mwanangu waliua watu siku ile, wakarudi kwao hawawezi kula. Wangu alikula supu, akalala." Alimshika Dakta mkono. "Unatetemeka, maskini."

Wiki mbili baadaye serikali ilimpa Dakta siku tatu awe ameondoka nchini. Sababu haikutajwa. Hatukujua kama ni kapteni aliyemchongea, na Dakta hakutaka kujua.

Alirudi Minas, akafundisha historia shule ya sekondari, akaandika kitabu juu ya hifadhi za kibalozi. Mkasa wetu hakuuweka. Aliniandikia kwamba shahidi wake mkuu, yeye mwenyewe, ni mwongo. Kwao nako wanajeshi walishika serikali, akaanza kulala amevaa viatu, tayari kukimbia. Hawakumfuata. Alikufa kwa kifua, mwezi mmoja wa Julai wenye baridi. Dada yake alinitumia miwani yake na barua aliyokuwa hajaimaliza, akiniuliza kama viazi vimepatikana sokoni mwaka huu.