Gurudumu Langu la Polepole

Enzi zetu huko Masisi, mpira ukikuponyoka ulikuwa umeshaaga. Milima yetu haina huruma. Kitu cha mviringo kikianza kuteremka, kinapita katikati ya maharagi ya mama wa watu, kinavuka mihogo, kinatisha mbuzi, na mwisho wake ni mtoni. Ndiyo maana sisi tuliokuwa wadogo miaka ile ya kwanza baada ya uhuru hatukushughulika sana na mpira. Tulikuwa na gurudumu.

Vijana wa leo wakisikia gurudumu wanafikiria pikipiki. Letu lilikuwa kipande cha shina la mgomba, kimekatwa duara, kipana kama sahani ya bugali. Kilikuwa kizito, kilitoa maji, na utomvu wake uliacha madoa kwenye kapitula ambayo sabuni ya Mama haikuyaweza. Tena hukukata mgomba wowote. Ulikata ule ambao mkungu wake umekwisha kuvunwa kwa ajili ya kasiksi, pombe ya ndizi ya wazee. Ukigusa wenye ndizi changa, ulilala kwa tumbo wiki nzima kwa sababu ya fimbo za Papa.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Upande mmoja unabingirisha, upande wa pili umejipanga mstari na vijiti vya kutupa vilivyochongwa ncha. Gurudumu linapita mbele yao. Wakilichoma likasimama, nyinyi mnarudi nyuma. Likipita salama, wao ndio wanarudi. Mnakwenda na kurudi hivyo, mpaka upande mmoja usukumwe nje ya uwanja. Na uwanja, ndugu zangu, ndio uliokuwa shida. Mahali pekee penye usawa palikuwa kipande cha majani kando ya kijito, kati ya mlima wetu na mlima wa ng'ambo. Kila Jumapili baada ya misa tulikutana pale, sisi na wao, na kila upande ulidai umefika kwanza.

Ugomvi ulizidi mpaka Papa akachoka. "Siku moja mutatoboshana macho na ile miti," alisema. "Mumalize ile maneno, ao mimi njo nitaimaliza." Hakuna aliyetaka Papa aimalize. Basi tukapatana na watoto wa ng'ambo: tucheze mara moja, na watakaoshindwa wabaki kwenye mlima wao mpaka maharagi yavunwe. Kwa mtoto, huo ni muda wa kuota mvi.

Mkubwa wetu alikuwa Bauma, kijana mwenye mabega ya mtu mzima, aliyebingirisha kwa nguvu mpaka gurudumu likanguruma. Wao walikuwa na Kamana, mchunga ng'ombe mrefu ambaye kijiti chake hakikukosea. Mimi nilikuwa mwembamba. Homa ilikuwa imenilaza muda mrefu, na mkono wangu haukuwa na nguvu hata ya kumfukuza kuku. Wakati wenzangu wanalima, nilikaa na Koko, mama yake baba, nikimsaidia kusokota kamba za mgomba za kufungia mbuzi. Koko hakuvumilia kamba legevu. "Nguvu iko mu vidole," alikuwa akiniambia, "mukono inafuata tu." Nilisokota mpaka vidole vikawa na akili zao wenyewe.

Jumapili ile ukungu ulikuwa umekaa mpaka adhuhuri na majani yalikuwa yamelowa. Bauma alibingirisha kwa hasira zake zote, Kamana akachoma. Akabingirisha tena, kwa nguvu zaidi, Kamana akachoma tena, huku anacheka. Tulirudi nyuma, tukarudi, mpaka nikasikia matete ya upande wa mlima wetu yananichoma visigino. Mara moja zaidi na uwanja ulikuwa umekwenda.

"Unipe," nikamwambia Bauma.

"Wewe? Ile yako inatembeaka sawa mama mwenye mimba!"

Lakini alinipa, labda ili lawama iwe yangu. Nililishika gurudumu kwa vidole, nikalisokota kama kamba ya Koko, nikaliachia. Likaenda polepole mno. Watoto wa ng'ambo walipiga kelele za furaha. Kamana aliinua kijiti, akangoja, akachoka kungoja, akatupa. Pale pale gurudumu likainama kidogo, likakata kona kama mbuzi aliyekumbuka nyumbani, na kijiti kikachoma matope. Mungu wangu, furaha ile! Nililirudia tena, mara nyingine likikata huku, mara nyingine likienda moja kwa moja wakati yeye amejiandaa kwa kona. Tukawasukuma mpaka miguu yao ikaingia majini.

Walivuka kijito, vijiti mabegani. Kamana alikuwa wa mwisho. Akiwa katikati ya maji aligeuka: "Ulifanya je?" Nilicheka tu, nikajiona mfalme.

Jumapili iliyofuata tulishuka mapema, wenye uwanja. Tulijigawa wenyewe kwa wenyewe tukacheza. Wenzangu wote walijua vidole vyangu, wengine hawakutupa hata kijiti. Gurudumu la Bauma lilinguruma, hakuna aliyeshangaa. Jumapili baada ya hiyo tulikaa kwenye majani tukila mahindi ya kuchoma, tukitazama mlima wa ng'ambo, ambako moshi ulipanda na sauti za watoto zilisikika wakicheza sijui nini. Nilikuwa na uwanja mzima, na sikuwa na mtu wa kumdanganya. Iliniuma kuliko homa.

"Twende tuwaite," nilisema. Bauma alitazama chini, kisha akasimama kabla yangu.

Mama yake Kamana alitukaribisha kwa maziwa kwenye kikombe cha bati, kana kwamba hakuna lililotokea. Kamana yeye alitufanya tungoje. Alifunga ndama, akafagia pale palipokwisha kufagiwa, ndipo akaja.

"Mukuye tucheze," nikamwambia. "Bila nyinyi haiko muchezo."

"Na maharagi? Bado hata maua."

"Ile maneno ya maharagi tunaiacha."

Akafikiri. "Unionyeshe vile vidole kwanza."

Basi nikamwonyesha, pale mbele ya zizi, kwa kipande cha kinyesi kikavu cha ng'ombe, maana mgomba haukuwa karibu. Jumapili ile ile alilichoma gurudumu langu mbele ya wote, na nilifurahi kama ni mimi niliyetupa.

Miaka ilipita. Nilimfuata mjomba wangu Kampala, nikaajiriwa na kampuni kama mtunza stoo. Funguo za stoo sikuzishika sana. Kazi yangu hasa ilikuwa kuichezea timu yao ya kriketi, mchezo ambao mtu analinda vijiti vitatu kwa ubao wa kupigia, na wewe unajaribu kuviangusha kwa mpira mgumu wa ngozi. Wengine walirusha kwa kasi. Mimi nilirusha polepole, mpira ukizunguka, ukidunda na kukata kona. Nimekula mkate wa vidole vya Koko karibu ujana wangu wote. Vijana niliowafundisha baadaye walitaka kasi tu, kama wanavyotaka kila kitu, hata chai waliinywa wamesimama. Niliwaambia mtu ukimpa muda mrefu anajidanganya mwenyewe. Niliwaambia pia wampende mpigaji mzuri, maana bila yeye wewe ni mtu anayetupa vitu peke yake shambani. Walicheka. Nadhani walidhani ni uzee.

Juzi nimerudi kwetu kuwaona jamaa. Bado kuna utani mtamu, sombe, yale majani ya mihogo, bado ni sombe, na watoto bado wanateleza kwenye matope wakicheka. Nilishuka kwenye kijito. Kipande chetu cha majani kimezungushiwa miti na waya, na kijana mpole aliyekuwa analinda akaniambia nisisogee, kwamba watu wa huku na watu wa ng'ambo wamekigombea, na upande mmoja umeshinda. Nikamwuliza, walioshinda wamekwenda lini kuwaita wenzao?

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee aliyepotea njia.