Mlio Katika Safu ya Pili

Tk.

Ulikuwa mlio mdogo tu, ulimi ukibanduka kwenye kaakaa, mfano wa tone la kwanza linapoangukia mtungi mtupu. Lakini Jumapili moja ya mwaka 2013 ulitoka kwenye televisheni ya Firmin mbele ya watu waliojaa mabenchi hadi mlangoni, na kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikapata la kuzungumza mpaka mate yakakauka.

Mwenye mlio alikuwa amesimama pale pale mlangoni, unga wa mandazi umemfika viwikoni, akijitazama kwenye kioo cha televisheni. Jina lake lilikuwa Nyakim, ila kambini hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Mama Nyakuoth. Alikuwa Mnuer mrefu, mwepesi wa kucheka, aliyekuja kutoka Nasir na mtoto mmoja mgongoni, akajenga kibanda cha chai ubavuni mwa ukumbi wa video wa Firmin, Mkongo wa Bukavu, na hapo akakaa. Nchi yao ilipopata uhuru, kaka yake Wiyual alimpigia simu kutoka Malakal: rudini nyumbani, mnangoja nini? Akamjibu, "Mtoto anasoma." Wiyual alipopiga tena mwaka uliofuata, jibu lilikuwa lile lile.

Na kweli mtoto alikuwa anasoma. Kanisa lilimtafutia nafasi katika shule moja ya sekondari huko Lodwar, naye Nyakuoth akasoma mpaka walimu wakaanza kujiandaa zaidi kabla ya kuingia darasani kwake. Ndipo shule ikampeleka Nairobi kwenye *Jibu Lako*, kipindi cha maswali ambamo mwanafunzi huketi peke yake kwenye kiti kirefu, mtangazaji akamsomea swali kwa Kiingereza pamoja na majibu matatu, naye lazima ayarudie yote matatu kwa sauti kabla ya kuchagua. Mshindi wa fainali angesomeshwa chuo kikuu bure. Kila mshindani aliruhusiwa kuja na mtu wake mmoja wa kuketi safu ya pili. Nyakuoth alimchukua mama yake.

Kiingereza cha Nyakim kilikuwa cha kushukuru na kuaga tu. Walimwambia kwa Kiswahili: usipige makofi, zima simu, usiseme neno. Alitii yote. Hakusema neno.

Ila kwao, mtu akikusemesha nawe ukanyamaza kama gogo, umemtukana. Anayesikiliza hugonga ulimi kidogo, tk, kumwambia anayesema: nipo, nakusikia, endelea. Mlio huo ulikuwa umemponza Nyakim tangu siku ya kwanza kambini. Karani wa kuandikisha wageni alimuuliza kwa mkalimani, "Wewe ndiye Nyakim?" Tk. "Na huyu mtoto ni wako?" Tk. Karani akatupa kalamu mezani. "Mama, unanifyonya mimi?" Mkalimani alitumia muda mrefu kumweleza kwamba mama hakumdharau, ameitika. Tangu hapo Nyakim alijizuia mbele ya Wakenya. Mbele ya mwanawe hakujizuia, kwa kuwa hata hakujua kwamba anautoa.

Basi Jumapili hiyo, Nyakuoth akiwa kiooni na sweta yake ya shule, swali la kwanza lilisomwa. Akarudia jibu la kwanza. Akarudia la pili. Tk. Akarudia la tatu. "La pili," akasema. Sahihi! Ukumbi ukalipuka. Swali lililofuata, vivyo hivyo. Kufika swali la tatu, Mamer akasimama.

Mamer alikuwa Mdinka aliyefundisha shule ya msingi kambini, kijana asiyeweza kunywa chai bila kubishana nayo.

"Firmin! Rudisha nyuma."

"Ngoja ishe kwanza, bwana."

"Rudisha, nakwambia! Kuna kitu kinalia."

Firmin alikuwa na mashine ya kurekodia mechi za mpira. Kipindi kilipokwisha na Nyakuoth kutangazwa kuingia fainali, akairudisha. Tk. Akairudisha tena. Tk. Kamera ikaonyesha safu ya pili, na Nyakim ameketi wima, mikono magotini, uso mtakatifu.

"Mmesikia?" Mamer akaugeukia ukumbi. "Jibu la kweli, mlio. Jibu la uongo, kimya. Kila swali! Huo ni wizi wa mchana kweupe."

"Wizi ya nini?" akadakia Abei, Mturkana aliyemletea Nyakim makaa kila asubuhi na kulipwa nusu kwa chai. "Huyu mama hajui kizungu. Juzi mgeni aliuliza yeye sukari, akaletewa chumvi."

"Labda alifundishwa majibu," Mamer akasema.

"Na nani? Na mandazi?"

"Minasema hivi," Firmin akasema, mkono kifuani, "kama ule mama ni mwizi, basi miye niko askofu."

"Wewe Firmin nyamaza, unamtetea kwa sababu anakukopesha chai," mtu mmoja wa nyuma akamrukia.

"Mama Nyakuoth," Mamer akamwita, na vichwa vyote vikageuka mlangoni. "Sisi ni watu wako. Tuambie tu. Ulimsaidia mtoto?"

Nyakim alifungua kinywa apate kujibu. Ulimi ukamtangulia.

Tk.

Watu walicheka hadi benchi la nyuma likaanguka na waliokuwa juu yake. Nyakim naye alicheka. Lakini aliporudi kwenye sufuria yake, alisahau kuyageuza mandazi, maana alikuwa ameusikia ukweli kwa masikio yake mwenyewe. Mlio ulikuwa wake, na uliangukia majibu sahihi, hayo tu. Vipi, hakujua. Akaunguza mandazi ya kwanza tangu afungue kibanda.

Siku chache baadaye simu ilipigwa kutoka Lodwar. Alikuwa Mwalimu Ethuro, mkuu wa shule ya Nyakuoth. Watazamaji huko Nairobi walikuwa wamelalamika, akasema, na wenye kipindi walitaka maelezo kabla ya fainali. Yasipowaridhisha, Nyakuoth ataondolewa, na jina la udanganyifu litamfuata popote atakapoomba nafasi. "Njoo, mama, tuongee. Nitaomba upewe ruhusa ya kutoka kambini."

Siku moja kabla hajaondoka, Mamer alitokea kibandani na gazeti la Kiingereza.

"Leo nitaujua ukweli," akatangaza, akaketi juu ya gunia la makaa la Abei. "Mimi nasoma maswali, wewe sikiliza."

"Soma, mwalimu," Nyakim akasema huku akikanda unga.

Mamer akajitungia maswali kutoka gazetini, kila swali na majibu yake matatu. Mito. Marais. Sayari. Nyakim akakanda. Hakuna mlio. Mamer akasoma polepole, akasoma kwa haraka, akasoma akimtumbulia macho. Hakuna mlio. Mwishowe akakunja gazeti na kufuta jasho.

"Nimechoka, Mama Nyakuoth. Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni."

Tk.

Chai ilimtoka Abei puani. "Umeona? Huyu mama anajua jibu moja tu: njaa!"

Nyakim akampa Mamer mandazi mawili ya moto. Mamer aliyala taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane hapo sokoni, akaondoka bila kusema neno.

Kesho yake Nyakim alipanda pikapu ya kanisa hadi Lodwar. Ofisi ya Mwalimu Ethuro ilikuwa na feni isiyozunguka na dirisha lililotazama ukuta. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa Lorugum, mvi nyingi, sauti ndogo.

"Ejok, mama."

"Ejok, mwalimu."

Nyakuoth alikuwa ameketi kando, macho mekundu. Hawakuwa wameonana tangu Nairobi, na mama akamrekebisha mwanawe kola ya shati.

"Sitauliza mengi," Mwalimu Ethuro akasema. "Nataka kuona kwa macho yangu." Akafungua kitabu cha jiografia, akamsomea Nyakuoth swali na majibu matatu. "Yarudie, kama kule."

Nyakim aliivuta ncha ya shuka yake, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Nyakuoth akarudia jibu la kwanza. Akarudia la pili.

Tk, ikatoka ndani ya shuka.

Mwalimu akafunua nyuma ya kitabu. Lilikuwa la pili. Akakohoa, akafungua kabati, akatoa kitabu kizito cha chuo alichosoma zamani, akauliza swali ambalo hata yeye alihitaji kulisoma mara mbili. Nyakuoth akarudia majibu yote matatu. Kimya. Akabahatisha. Akakosa.

Mwalimu Ethuro alivua miwani. "Mama, unajua Kiingereza?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa lile la pili umelijuaje?"

Nyakim alimtazama mwanawe kama mtu anayelitazama swali. Na pale pale, shuka ikiwa bado mkononi, akaelewa kilichomsumbua tangu Jumapili ile.

"Sikulijua. Yeye ndiye aliyelijua. Akisoma asichokiamini, maneno yanapita tu, kama watu waendao kisimani. Akifika kwenye anachokiamini, anasema na mtu. Na huyu akisema, mimi naitika. Nimemwitikia tangu hajaota meno."

Mwalimu akamgeukia Nyakuoth.

"Na wewe, mlio ule unakusaidia?"

Msichana angeweza kusema hapana, na mambo yangeishia hapo. Alitazama viatu vyake. "Unanisaidia, mwalimu. Jibu ninalo. Lakini nikiwa kule juu peke yangu naanza kulitilia shaka, hata jina langu nalitilia shaka. Nikimsikia Mama, shaka inatoka."

"Haya," Mwalimu Ethuro akasema, akijikuna mvi. "Sasa hiyo ni wizi au siyo wizi? Nimesimamia mitihani tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nimekamata karatasi kwenye soksi, nimekamata maandishi mapajani. Mama aliyekaa kimya na ulimi wake, sijawahi kumkamata. Na nikiwaeleza wale wa Nairobi hivi mlivyonieleza, watasema ni uchawi, tuharibikiwe zaidi."

"Waambie mama hatakuja," Nyakim akasema.

"Mama!"

"Jumapili nina kazi. Watu wa Firmin watakula nini, mabenchi?"

Alisema hivyo huku akicheka, na Mwalimu naye akacheka kwa adabu. Nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, Nyakuoth alimshika mama yake mkono kama mtoto mdogo.

"Kile kiti kitakuwa kitupu. Nitakiona."

"Kione tu. Ukimaliza kukiona, sema jibu lako."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, utakuja kunikandia unga. Nimezeeka." Akamfuta uso kwa kiganja, akapanda pikapu, na hakugeuka nyuma mpaka mji ulipokwisha, kwa sababu alijua uso wake ungesema nini.

Wenye kipindi walikubali: mtoto aje, mama abaki.

Jumapili ya fainali ukumbi wa Firmin haukuwatosha watu. Safari hii kipindi kilirushwa moja kwa moja. Walikuja Wanuer, Wadinka, Warundi, Wasomali wa maduka ya nguo, na Waturkana wa mjini walioletwa na Abei ambao hawakujua wanatazama nini ila walijua wako upande wa nani. Mamer alikuwa amemwekea Nyakim kiti mbele kabisa, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake.

Nyakuoth akakosa swali la kwanza.

Akakosa na la pili. Alilisema jibu sahihi, akasita, akalibadilisha. Mshindani mwenzake akaongoza.

"Tumemfukuza mama yake," Mamer akalia. "Oneni sasa!"

"Sisi?" Abei akamchapa na leso. "Mdomo ulikuwa ya nani?"

"Nyamazeni, batu!" Firmin akafoka.

Kisha Nyakuoth akapata moja. Akapata jingine. Wakalingana. Likabaki swali la mwisho, na zamu ilikuwa yake. Liliposomwa kwa Kiingereza, Nyakim hakuelewa hata neno moja, wala hakujaribu. Alisikiliza sauti. Jibu la kwanza likarudiwa: likapita. La pili: likapita. Nyakuoth akafika la tatu na kulisema lote, kisha akanyamaza. Macho yake yakaenda safu ya pili, kwenye kile kiti. Kamera ikaenda nayo, na Kakuma nzima ikakiona, kitupu, kitambaa chake chekundu kimekunjamana kidogo. Muda ulikuwa unakwisha. Nyakim alikuwa ameuma ulimi wake.

Tk.

Watu wakamtazama. Akatikisa kichwa: si yeye. Mlio ulikuwa umetoka kwenye televisheni, na haukutoka safu ya pili. Ulitoka kwenye kiti kirefu, kinywani mwa msichana mwenyewe.

"La tatu," Nyakuoth akasema, na safari hii hakulibadilisha.

Mtangazaji alitazama karatasi yake, akatabasamu, akanyoosha mkono ampongeze. Zaidi ya hapo hawakuona, maana Firmin aliruka kwa furaha akaukanyaga waya wa umeme, kioo kikawa cheusi. Hakuna aliyejali. Mabenchi yalipinduka. Abei alimshika Mamer shati.

"Haya, mwalimu, na hiyo ni wizi?"

"Mtu hawezi kujiibia," Mamer akajibu, na machozi yalikuwa yanamchuruzika wazi wazi, bila ubishi.

Nyakim peke yake alikuwa bado ameketi, amekielekea kioo kilichozimika kana kwamba mtu angali ndani yake anaongea. Aliinama mbele kidogo, ili sauti isipotelee kwenye kelele.

"Nakusikia," akasema, polepole sana.