Damari na Harusi Iliyofutika Mungaa

Kicheko cha Damari kilifika mahali kabla yake. Alikuwa mpiga picha wa Mandewa, pale Singida mjini, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kazi alifundishwa na marehemu baba yake enzi za filamu, wakati picha zikisafishwa kwenye chumba cha giza na mtu akisubiri wiki nzima kujua kama alifumba macho. Kanisani Damari alipanda juu ya mabenchi kutafuta mahali pazuri pa kupigia, na waumini walimwacha, maana walijua wakimzuia atapanda juu ya kitu kingine kibaya zaidi.

Kisha maduka ya mjini yakaanza kujaa vitu vya kutoka Dubai na China: simu, deki, redio zenye taa za rangi, na kamera zisizokula filamu. Damari akanunua moja. Siku ya kwanza alipiga picha kuku, sufuria, jirani yake Febronia na mguu wake mwenyewe, na kila alipobonyeza aliigeuza kamera akatazama nyuma yake na kupiga kelele.

"Njooni muone! Imeshatoka! Haijasafishwa na imeshatoka!"

Febronia alikuja mbio na ndoo ya maji, akidhani nyumba inaungua.

Kazi kubwa ya kwanza ya kamera hiyo ilikuwa harusi ya Jesca, binti wa Mzee Laurenti wa Mungaa, aliyeolewa na Eliya, kijana wa relini kule Manyoni. Ulikuwa mwaka ule wa mgawo wa umeme. Damari alipiga picha kutwa nzima: kanisani, njiani, kwenye turubai, hadi kwenye masufuria ya pilau. Zamani angehesabu filamu zilizobaki. Sasa alibonyeza tu kama mtu anayemwaga mtama kwa kuku.

Kuelekea jioni muziki ulikolea, na Bibi Anastasia, bibi yake Jesca, ambaye kutwa alikuwa amekaa kwenye kiti akilalamika magoti, akainuka ghafla na kuanza kucheza. Damari akamlenga, akabonyeza, na papo hapo kamera ikaonyesha kwamba betri inaisha. Taa ndogo kando ya kamera ilikuwa bado inapepesa, maana kamera ilikuwa haijamaliza kuihifadhi picha ile ya mwisho. Damari hakujali. Bibi alikuwa anazunguka! Akafungua kifuniko, akachomoa betri, akatia nyingine. Nayo ilikuwa imekufa. "Basi," akasema, "hii moja nitaibeba kichwani." Akafunga begi, akaenda kula.

Kesho yake nyumbani, baada ya kuchaji betri, aliwasha kamera ili ajionee uhondo. Hapakuwa na kitu. Kioo kilikuwa cheusi, kimeandika kwa Kiingereza kwamba memori, ile kadi ndogo inayotunza picha, haisomeki, na chini yake swali: aifomati? Ndiyo au hapana?

Kidole cha Damari kilikuwa tayari juu ya ndiyo. Hakujua kufomati ni kufanya nini, lakini neno lenyewe lilimkaa vibaya masikioni. Akarudisha kidole.

Akachomoa memori, akaipuliza. Akaifuta kwa upindo wa khanga. Ubavuni ilikuwa na kidude cha kufungia. Akakisogeza juu, akakisogeza chini. Akabadilisha betri. Swali lilikuwa lile lile. Febronia, aliyekuwa anaosha vyombo, akatoa ushauri.

"Ianike juani, labda imeingia jasho."

"Juani!" Damari akaruka. "Picha zote ziungue?"

Kwa maana kamera ilikuwa mpya, lakini kichwa cha mwenye kamera kilikuwa bado cha filamu. Akaivingirisha memori kwenye karatasi nyeusi, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunika kopo kwa mtandio, na kushika njia ya stendi kwa Belinda.

Belinda alikuwa na chumba cha kompyuta nyuma ya stendi, ambako watu walisoma barua pepe na kuchapa barua za kuomba kazi. Alikuwa mnene, mchangamfu, na mgonjwa wa kucheka kama Damari mwenyewe. Walipokutana wawili hao, wateja wengine walitoka nje kupumzika.

"Zima taa kwanza," Damari alisema, amekumbatia kopo lake.

"Taa za nini?"

"Mwanga usiingie kwenye memori."

Kabla Belinda hajajibu, umeme ukakatika. Kompyuta zote zikazima kwa pamoja.

"Haya," Belinda akasema gizani, "umetiiwa na mkoa mzima."

Wakacheka mpaka Damari akaketi sakafuni. Kisha akakumbuka kwamba harusi ya watu imepotea, akaanza kulia, na kwa kuwa kicheko kilikuwa hakijaisha, vikatoka vyote viwili.

"Nisikilize," Belinda alisema alipomwona ametulia. "Picha hazijafutika. Ulichomoa betri wakati kamera bado inaandika, ikavurugikiwa. Chukulia ni ghala la alizeti. Magunia yote yamo ndani, ila karani aliyejua lipi liko wapi amekimbia. Tutaingia na tochi, tufunue gunia moja moja."

"Yamo kweli?"

"Mengi yamo, nadhani. Ila usipige picha nyingine humu, hata moja. Ukipiga unapanga gunia jipya mahali pa la zamani. Na ikikuuliza kufomati, ndiyo kufuta vyote, kataa kama unavyokataa posa ya mlevi."

Umeme uliporudi, Belinda akachomeka memori kwenye kompyuta na kuwasha programu ya kutafutia picha zilizopotea. Ilikwenda polepole kama kinyonga. Ikafika karibu na nusu, umeme ukakatika. Ikaanza upya. Ikakaribia tena, umeme ukakatika tena. Safari hii Belinda aliipiga meza konzi na kusema neno la Kinyaturu ambalo mama yake hakumfundisha.

"Niachie," alisema mwishowe. "Nitaazima jenereta la shemeji yangu akirudi kutoka Itigi. Ila sikuahidi, Damari. Huenda zikarudi zote, huenda zikarudi vipande. Wewe nenda kawaambie wenyewe." Akampa memori nyingine tupu, asije akakaa bila kazi.

Safari ya Mungaa ilikuwa ndefu kuliko ilivyozoeleka. Damari aliikuta familia barazani, bado inakula mabaki ya harusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Mzee Laurenti akaitikia akimsogezea kigoda. "Umetuletea picha?"

Damari akasema yote, tangu betri hadi jenereta, bila kuficha kitu. Jesca akafunika uso kwa mikono. Mzee Laurenti akamgeukia Damari.

"Hata mimi nikicheza kwaito?"

"Hata wewe, baba."

"Nilicheza vizuri sana siku ile," mzee alisema kwa huzuni, na mabega ya Jesca yakaanza kutikisika. Watu wakadhani analia. Alipofunua uso, alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka. Eliya naye akashindwa. Lakini kicheko kilipopungua, Eliya alisema kwa upole kwamba Jumatatu anarudi kazini Manyoni na Jesca wake, na mama yake mgonjwa, ambaye hakuweza kusafiri, anazisubiri picha hizo.

Hapo ndipo Bibi Anastasia alipogonga fimbo yake sakafuni.

"Kuna aliyekufa?" aliuliza. "Maharusi si hawa? Kanisa limehama? Turudie!"

"Bibi, gauni tumeshalirudisha dukani," Jesca alisema.

"Gauni ni kitambaa. Turudie."

Jumamosi ikapangwa. Mungaa haikuwahi kuona Jumamosi kama ile. Gauni la kukodi lilikuwa limeshaondoka na bibi harusi mwingine, kwa hiyo Jesca alivaa joho jeupe la kwaya, na kichwani akatiwa chandarua kipya, kilichokunjwa kwa ustadi kiasi kwamba ukisimama mbali unaapa ni shela. Suruali ya Eliya ilikuwa imechanika matakoni kwenye harusi ya kwanza, akaamriwa asigeuke. Mpambe alikuwa ameshaondoka kwenda Dodoma, akasimama jirani mwenye umbo kama lake, akiambiwa atazame pembeni.

Padri Mazengo alikuwa tatizo.

"Sakramenti haifanyiwi marudio," alisema mlangoni mwa kanisa, amekunja uso. "Hawa nimeshawafunga. Wamefungika."

"Hatutaki viapo, Padri," Damari alimbembeleza. "Tunataka usimame tu. Midomo itikisike."

Padri aliwatazama: Mzee Laurenti katika koti, bibi harusi katika chandarua, nusu ya kijiji nyuma yao. Akaingia ndani, akatoka amevaa mavazi yake.

"Nitasimama nao hapa nje, ngazini," alisema. "Na nitawauliza habari za mashamba."

Akasimama mbele ya maharusi, uso wa ibada kabisa, akainua mkono.

"Eliya. Alizeti kwenu mwaka huu imekubali?"

"Imekubali kiasi, Padri," Eliya akajibu kwa unyenyekevu mkubwa.

"Na wewe Jesca, kuku wa mama yako wamepona kideri?"

"Wamepona, Padri," Jesca alinong'ona, ameinamisha macho, na Damari akabonyeza, akabonyeza, huku tumbo linamuuma kwa kicheko kilichozuiliwa. Mama mmoja nyuma alisahau kwamba si kweli, akapiga vigelegele, na kijiji kizima kikamfuata.

Keki ndiyo iliyowamaliza. Ile ya kwanza ililiwa hadi makombo. Wanawake wakasonga ugali mkubwa, wakaumimina kwenye beseni, wakaupindua juu ya sinia, wakaufunga utepe na kuuchomeka maua ya karatasi. Maharusi wakashika kisu kwa pamoja. Damari akapiga magoti. Eliya akachukua tonge dogo kwenye kijiti, akalipeleka kinywani mwa mkewe kwa mahaba yote ya dunia.

"Una mboga?" Jesca aliuliza.

Kijiji kikaanguka kwa kicheko. Padri Mazengo aliishika nguzo ya turubai. Katikati ya kelele hizo likaingia lori lililokuja kupakia vitunguu, na juu ya bodi, ameng'ang'ania kwa mkono mmoja, alikuwa Belinda. Mkono wa pili alikuwa ameinua sidii juu kama mkimbiaji aliyeshinda.

"Zimerudi!" alipiga kelele, macho mekundu, maganda ya vitunguu nyweleni. "Damari! Zimerudi!"

"Wewe mtoto, subiri!" Bibi Anastasia alimkaripia. "Huoni watu wanakata keki?"

Belinda akashuka, akaiona keki, akaona chandarua, akaketi kwenye tairi la lori. Damari alimwendea akamkumbatia na kumnyanyua juu, uzito wake wote, na wote wawili wakaanguka kwenye majani.

Jenereta la kanisa likawashwa, televisheni ya Mzee Laurenti ikawekwa juu ya meza, deki ikaimeza sidii. Picha zikaanza kupita. Karibu zote zilikuwepo. Chache tu zilikuwa na nusu ya kijivu, kama zimepakwa majivu. Wala hazikuja peke yake. Ile programu ilikuwa imefukua kila gunia, hata yale ambayo Damari mwenyewe aliyatupa. Kwa hiyo kati ya Jesca akiingia kanisani na Jesca akivishwa pete, akatokea kuku wa Mandewa. Ukatokea mguu wa Damari. Akatokea Padri Mazengo akipiga chafya, pua imekunjamana, picha ambayo Damari aliifuta palepale kwa heshima ya kanisa.

"Huyo nani?" Padri aliuliza.

Damari akajificha nyuma ya Belinda.

"Rudisha nyuma," alisema. Wakarudisha. Akaitazama kwa makini, kichwa kimeinama. "Mama yangu hupiga chafya hivyo hivyo. Nitaihitaji hiyo, Damari. Kubwa."

Mzee Laurenti alipojiona akicheza kwaito aligeuka kuangalia kama watu wameona. Walikuwa wameona. Picha ya Bibi Anastasia akiinuka kwenye kiti ndiyo pekee ambayo haikurudi kabisa, maana ndiyo iliyokuwa ikiandikwa betri ilipochomolewa. Damari alimwomba radhi.

"Ya nini radhi?" bibi alisema. "Ongezeni sauti ya muziki." Akaiweka fimbo chini, akainuka, na safari hii betri ilikuwa imejaa.

Eliya na Jesca waliondoka Jumatatu na picha za harusi zote mbili. Mama mkwe kule Manyoni, walisimulia baadaye, aliziweka zile za kanisani kwenye albamu kwa ajili ya wageni, na ile ya ugali akaiweka karibu na kitanda chake, na alipokuwa akiitazama alikula chakula chote.

Damari alinunua memori ya pili, akajifunza kusubiri ile taa ndogo izime kabla ya kugusa kifuniko, na kila harusi alizihamishia picha kwa Belinda kabla hajala. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile ya Jumamosi alikuwa bado Mungaa, kamera shingoni, na Mzee Laurenti alikuja kumtaka acheze naye. Damari akamtupia Belinda kamera.

"Tupige!"

Belinda aliigeuza huku na huku.

"Damari," aliita, "hii inawashwa wapi?"