Galaksi za Mama Mado wa Kapata

Mama Mado Mbuyu hufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Kolwezi, na huishi mtaa wa Kapata, katika nyumba ya kampuni aliyoachiwa na marehemu mumewe. Watoto wake wameoa na kuolewa, kila mmoja na mji wake. Ndiyo maana Jumamosi moja mdogo wake Ngoy alitoka Fungurume na kamiyo nzima, yaani lori na dereva wake, kuja kumhamisha. Wazee wa ukoo walikwisha kukata shauri kwamba mjane asibaki peke yake. Mwenyewe hakuulizwa. Kumwamulia mtu mzima maisha yake ni kumdharau, hata ukifanya hivyo kwa mapenzi.

Ngoy alimkuta dada yake uani akitayarisha somo la Jumatatu.

"Yaya, funga bitu, tuende. Iyi nyumba ilishakufa. Batoto balienda bote."

"Ilikufa? Ikala kwanza, nikuelezee somo yangu."

"Mi nilikuya na kamiyo, sikukuya ku masomo!"

Hata hivyo alikaa. Mama Mado akamweleza kwamba ziko galaksi zilizokoma kuzaa nyota: gesi imeziishia, au imepata joto mno hata haiwezi kukusanyika ikawa nyota. Nyota kubwa za buluu hufa mapema. Hubaki zile ndogo, za maisha marefu, na galaksi nzima huwa nyekundu polepole kama tofali tanuruni. Lakini haziishii hapo. Za zamani sana zilikuwa ndogo, zimebanana. Za leo zimepanuka mara kadhaa.

"Zinapanuka namna gani, na hazizale tena?"

"Galaksi ya kidogo-kidogo inakuya, inaingia, inaikala ku pembeni."

"Inaingia, ao inakuliwa? Sema ukweli, yaya!"

"Inakuliwa," Mama Mado akakubali, akicheka. "Lakini mi sikule mutu."

Ubavuni mwa nyumba palikuwa na vyumba vya tofali alivyojenga baada ya watoto kuondoka. Mlango mmoja ukafunguka, akatoka Jeanne, muuza mboga ambaye mwenye nyumba wake alimtupia vyombo nje msimu wa mvua. Alibeba sinia la bukari, ugali wa huko. Nyuma yake walikuja Jémima na Gael, yatima walioachwa na wifi wa Mama Mado, na maji ya kunawa.

"Tata Ngoy," Jeanne akasema, "mukimubeba mama, sisi tutabakia na nani?"

Ngoy aliwatazama mmoja mmoja. Akamgeukia dada yake.

"Haukutuambia."

"Hamukuuliza."

Ngoy akamnyooshea Gael mikono. Akanawa, akamega bukari.

"Na kule ku ukoo nitasema nini?"

"Sema ulikuta nyumba imeyala, batu bako mu vyumba byote."

Kamiyo ikarudi Fungurume tupu. Ngoy alibaki hadi kesho yake, akalala kwenye mkeka sebuleni, kwa kuwa vitanda vyote vilikuwa na wenyewe.