Dawa ya Wagonjwa

Jirani yangu hapa Garsen akipiga dawa shambani, ile harufu kali hupenya dirishani, nami hukumbuka kijiji chetu cha Hewani na shamba la njugu nililosaidia kuliua nikiwa na miaka tisa. Msinihukumu mapema.

Zilikuwa njugu ndogo, nyekundu, tamu ajabu. Nyanya, mama yake baba, alikuja nazo kutoka kwao Ndera alipoolewa, amezifunga kwenye pindo la leso. Mwaka ule mafuriko yalibeba ghala, ikasalia mbegu ya kopo moja tu. Tulipanda yote. Ikiharibika, basi.

Majani ya chini yalipoanza madoadoa meusi, bwana shamba alituletea chupa ya dawa ya ukungu na bomba la mgongoni la kuazima. Alimwonyesha Mama jinsi ya kuchanganya, akamhimiza afikishe dawa hadi chini ya majani na arudie baada ya wiki mbili. Kisha akaenda zake.

Sasa, kwetu sisi dawa ni ya mgonjwa. Nani humnywesha mtoto mzima dawa ya malaria? Mama hakutaka kuimaliza bure. Akanituma nitangulie, nichomeke kijiti kando ya kila shina lenye madoa, naye afuate akinyunyizia hayo tu. Nilijiona daktari. Mashina mazima niliyapita nikiyasifu kwa sauti.

Hazikupita wiki nyingi, majani yakapukutika shamba zima, hata ya yale mashina yangu mazima. Tulipong'oa, vikonyo vilikatika na njugu nyingi zikabaki udongoni.

Bwana shamba aliporudi alivitazama vile vijiti. "Mama, hii haiponyi, inakinga," alisema. "Hata yale mazima yalitaka kupigwa."

"Si ungesema ni chanjo," Mama akamjibu. "Ningeelewa."

Msimu uliofuata bwana shamba alileta mbegu ngeni inayostahimili ukungu, na ndiyo tunayopanda hadi leo. Mama huipiga dawa kabla ya doa la kwanza, shamba zima, na majirani zake nao siku hizi husema wanakwenda kuchanja njugu.

Lakini kabla mbegu hiyo haijafika, Nyanya aliketi na ungo, akachambua zile chache tulizopata, akizibonyeza moja moja. Zilikuwa zimesinyaa, hazingeota. Akazikaanga kwa chumvi na kutugawia wajukuu. Hakunilaumu hata kwa neno moja, nami nikafurahi kwamba mambo yameisha. Nilipopata shamba langu, na mbegu yangu ya kutunza, ndipo nilipoelewa alikuwa akitugawia nini, na mpaka leo inaniuma. Siku ile nilimaliza fungu langu haraka, nikaomba niongezewe. Nyanya alifungua kiganja, akanipa zake.