Chumvi Niliyoitia Tangi la Dada

Dada yangu anafuga matumbawe sebuleni kwake Buswelu, Mwanza, mbali na bahari kuliko nilivyodhani kitu cha bahari kinaweza kuishi. Yamo kwenye tangi la kioo, chini ya taa ya buluu. Kipande cha kwanza, kidogo kama ukucha, alikileta marehemu mumewe kutoka Dar. Sasa kimefikia ukubwa wa kiganja, na dada husema ndicho kitu pekee cha mumewe ambacho bado kinakua.

Nilikuwa nimerudi Mwanza baada ya miaka ya kuhamahama. Mara ya kwanza kukiona kipande hicho, nilidhani ni jiwe. Dada akanisogeza kwenye kioo, nikaona jiwe limejaa vinyama, kila kimoja na kinywa chake na minyiri myembamba kama nyuzi. Akadondosha unga wa dagaa, minyiri ikaudaka. Nilirudi nyuma hatua nzima.

Kisha akaitwa Musoma kumuuguza mama mkwe. Aliniachia agizo moja: maji yakishuka chini ya mstari uliochorwa kwenye kioo, niongeze ya kwenye ndoo nyeupe. Alipoondoka niliyaonja. Hayakuwa na chumvi hata chembe. Nikaona amekosea kwa haraka ya safari. Mimi nimekaa Tanga miaka mitatu, bahari naijua. Wa ziwani ndio wanaodhani maji ni maji. Basi kila asubuhi nikakoroga kwenye ndoo chumvi ya bahari aliyoiweka dada kando ya tangi, nikajaza hadi mstarini.

Wiki ya kwanza haijaisha, vinyama vikaanza kuchelewa kufunguka. Nikazidisha chumvi. Asubuhi moja nikakuta vyote vimejifunga, na upande mmoja umekuwa mweupe kama mfupa. Nilikaa sakafuni mbele ya kioo. Dada alipopiga simu nilimwambia vinakula vizuri.

Aliporudi hakuvua hata mtandio. Alichovya kidole tangini, akaonja.

"Umetia nini humu?"

Nikamweleza, na Tanga nikaitaja. Akafuta kidole kwenye mtandio.

"Maji ndiyo yanayokauka, mdogo wangu. Chumvi haikauki, inabaki. Ulikuwa unatengeneza kayabo."

Kayabo ni sangara wetu wa kutiwa chumvi na kuanikwa. Nimekula tangu utotoni, na sikuwahi kuwaza kwamba kitu cha bahari nacho kinaweza kuuawa na chumvi.

"Na huko Tanga," akaongeza, "ulikuwa unaingia baharini au ulikuwa unapita tu?"

Nikanyanyua ndoo ya maji yasiyo na chumvi niimwage yote tangini. Akanidaka mkono: badiliko la ghafla lingevimaliza. Ilibidi nichote glasi moja tangini na kurudishia glasi moja ya maji yale, asubuhi na jioni. Begi langu la kwenda Bukoba, nilikopanga kuhamia tena, lilikuwa tayari mlangoni. Sikwenda.

Siku ya kumi na mbili, glasi ikiwa mkononi, nikaona kinyama kimoja ukingoni kikitoa mnyiri, kisha mwingine. Nilimwita dada. Alitoka jikoni na mwiko, akainama, akahesabu. Vitano. Vingine vyote havikufunguka tena.

"Hivi vitazaana, vitapanda juu ya mifupa ya wenzao," alisema, macho yakiwa bado kwenye kioo. "Itachukua miaka. Hilo begi litoe mlangoni."